KUFUNGUA MIZIGO SIYO KUSAHAU KWETU



Sisi wahamasishaji wa afya kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba. Tunauliza juu ya chandarua, choo, maji, chanjo za watoto na kliniki ya wajawazito. Tukimaliza tunaandika kwenye daftari na kwenda nyumba ya pili. Lakini kadiri miaka inavyopita nimeona kwamba kuna nyumba ambazo chandarua kipo na hakifungwi, dispensari iko karibu na mtu haendi, na ukiuliza sababu hupati jibu. Katika nyumba za namna hiyo inabidi kukaa chini na kusikiliza.

Leo nataka kuwasimulia habari za bwana na bibi mmoja waliofika hapa Nyarugusu mwezi wa tatu mwaka 2023. Wamekubali niandike, kwa sharti kwamba nisitaje majina yao wala kijiji wanachokaa. Mama aliniambia: "Andika, dada. Labda mwingine atafungua mzigo wake mapema kuliko sisi."

WALIVUKA ZIWA USIKU

Wote wawili wametoka Fizi, upande wa ziwani, katika Kivu ya Kusini. Bwana alikuwa mvuvi wa ndagala. Usiku alitoka na wenzake na makarabai, asubuhi wakarudi, na bibi yake akazipokea ndagala, akazianika mchangani na kuzipeleka sokoni. Walikuwa na miaka miwili katika ndoa. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, na sasa bibi alikuwa na mimba ya pili ya miezi mitano.

Vita vilipokaribia kijiji chao waliondoka usiku kwa mtumbwi wenye injini pamoja na majirani. Mama mzazi wa bibi alibaki. Miguu yake ilikuwa inamuuma na alisema hawezi kupanda chombo. Walifika Kigoma, wakaandikishwa, kisha wakaletwa kwa basi hadi hapa Wilaya ya Kasulu. Wale waliokuwepo wanakumbuka kwamba mwezi ule wa tatu wageni kutoka Kongo walikuwa wengi, maelfu, na mabasi yalikuwa yakiingia mara kwa mara.

Walipewa vitu vya kuanzia kama wageni wengine: shitingi, blanketi, mikeka, sufuria, madumu ya maji, sabuni na chandarua. Wakaonyeshwa mahali pa kukaa.

SUFURIA ILIYOFUNGWA KAMBA

Nilipofika kwao mara ya kwanza walikuwa wamemaliza majuma matatu hapa kambini. Mvua zilikuwa zinanyesha sana. Nilipiga hodi, mama akanikaribisha. Bwana alikuwa amelala, na ilikuwa saa tano ya mchana.

Nikaangalia juu, hakuna chandarua. Nikauliza kama walipewa. Mama akanionyesha kwenye kona. Chandarua kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki. Na si chandarua peke yake. Sufuria zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba. Blanketi moja lilikuwa limekunjwa ndani ya gunia pamoja na vitenge. Walikuwa wanapika kwa sufuria ya kuazima kwa jirani.

Nikamwuliza, "Mama, mbona hamtumii sufuria zenu?"

Akatazama upande wa mume wake kabla ya kunijibu. "Dada, bwana anasema tusizichafue. Siku tukiondoka ziwe tayari."

Bwana alikuwa ameamka, akasema kutoka kitandani: "Sisi hatukuja kukaa. Mwezi ujao kukitulia tunarudi kwetu. Choo tutachimba cha nini? Hata hicho chandarua nitakifunga wapi katika nyumba ambayo si nyumba?"

Nikamwuliza mama kama ameanza kliniki. Hajaanza. Na yeye alikuwa na sababu ileile: kliniki ataanza kwao, kwa mkunga anayemjua.

Nakiri kwamba siku ile sikujua la kusema. Nilitoa mafundisho yangu ya chandarua kama ninavyotoa siku zote, nikaandika kwenye daftari, nikaondoka. Nilirudi mara mbili tena. Mfuko ulikuwa kwenye kona ileile.

MANENO NILIYOYASIKIA NYUMBANI KWETU

Nilipofika nyumbani nilimsimulia baba yangu. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Mimi nimezaliwa hapa hapa Nyarugusu. Nimesoma hapa, sekondari nimemalizia hapa, na ziwa Tanganyika nalijua kwa kusimuliwa tu. Wazazi wangu waliingia hapa kambi ilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996. Baba aliniambia kwamba wakati ule walisema, "Noeli tutakula nyumbani." Mwaka wa kwanza jirani yao mmoja alimletea mche wa mwembe. Baba akakataa kuupanda. Alisema, mwembe unachukua miaka kuzaa, na mimi sina miaka ya kukaa hapa. Jirani akaupanda kwake.

"Ule mwembe mmekula maembe yake ninyi watoto wangu wote," baba alisema. "Mlikuwa mnakwenda kuomba kwa watu. Na mimi kila nikiuona nakumbuka. Mtu anafikiri akipanda mti ugenini ameapa kwamba harudi. Si kweli. Mti ni mti tu."

Maneno hayo nilikaa nayo. Nikaelewa kwamba yule bwana hakuwa mvivu wala hakuwa mkaidi. Kwake kufunga chandarua kulikuwa sawa na kukubali kwamba kwao kumekwisha. Na bibi yake, kwa kumheshimu, alikuwa anabeba uamuzi ule pamoja na mimba.

HOMA YA USIKU

Mwezi wa tano, mimba ikiwa na miezi saba, mama alishikwa na homa. Ilianza jioni kwa baridi. Walifikiri ni uchovu wa maji, kwa sababu siku ile alikuwa ameteka mara tatu. Usiku homa ilipanda, akaanza kutapika na kusema maneno yasiyoeleweka. Bwana akangoja kupambazuke. Alikuwa hajui njia ya usiku wala hajui nani wa kumwita, maana alikuwa hajataka kujuana na watu.

Asubuhi jirani alisikia, akakusanya vijana. Walifunga blanketi kwenye miti miwili, wakambeba kwa kipoyi hadi dispensari. Kipimo cha kidole kilionyesha malaria. Gari la wagonjwa likamchukua kumpeleka hospitali kubwa ya kambi. Ilikuwa malaria kali, na damu yake ilikuwa imepungua. Alilazwa siku nne, akachomwa sindano za malaria kali na kuongezewa damu.

Hapa inafaa nieleze, kwa sababu wengi huniuliza kwa nini tunawasumbua wajawazito kuliko watu wengine.

Malaria huletwa na mbu jike wa aina ya anofelesi, na mbu huyu huuma hasa usiku. Mtu mzima aliyekulia mahali penye malaria huwa na kinga kiasi fulani mwilini. Mama akishika mimba, kinga hiyo hupungua, zaidi katika mimba ya kwanza na ya pili. Tena vijidudu vya malaria hupenda kujificha katika kondo la nyuma, mahali mtoto anapopatia chakula chake. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na malaria bila homa kali, huku damu yake inapungua na mtoto hakui vizuri tumboni. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa na uzito mdogo. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2 na nusu, tayari anaanza maisha na udhaifu.

Ndiyo sababu kliniki hutoa dawa ya SP ya kukinga. Mama huanza kuimeza mimba inapoingia mwezi wa nne, kisha hurudia akija kliniki, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, mpaka karibu na kujifungua. Inatakiwa apate dozi tatu au zaidi. Yule mama alikuwa hajameza hata moja. (Mama anayetumia dawa ya septrini kila siku hapewi SP, kwa hiyo msigawiane dawa nyumbani. Mwachie muuguzi aamue.)

SIKU NNE ZA BABA

Siku zile nne ndizo zilizombadilisha bwana, na hakuna mafundisho yangu hata moja yaliyofanya kazi hiyo.

Ilibidi achote maji mwenyewe. Ilibidi apange foleni bombani akiwa mwanaume peke yake kati ya wamama na wasichana. Ilibidi apike uji na kuupeleka hospitali. Aliniambia baadaye:

"Dada, mimi nimevuta nyavu tangu nina miaka kumi na mbili. Nilijua nina nguvu. Siku ya kwanza nilibeba dumu la lita ishirini, nikarudi kuchukua la pili, nikarudi kuchukua la tatu. Nikakaa chini. Nikauliza, huyu mwanamke na tumbo lile alikuwa anafanya hivi kila siku na mimi nimelala?"

Tuhesabu pamoja. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu matatu ni kilo 60 kwa siku, juu ya kichwa na kiuno cha mama mwenye mimba ya miezi saba, na njia yenye matope. Ongeza kuni, ongeza foleni ya mgao. Kwao Fizi kazi ziligawanyika: yeye ziwani, bibi sokoni. Kazi ya ziwani ilibaki kule, lakini kazi za nyumbani zilivuka ziwa pamoja nao, tena zimeongezeka, na zote zimebaki kwa mmoja.

Hilo nimeliona katika nyumba nyingi za wageni. Mwanaume anapofika hapa hupoteza kazi yake, na pamoja nayo heshima aliyokuwa akiipata kwa kuleta chakula. Bila kibali hawezi kutoka nje ya kambi kutafuta kibarua. Chakula kinakuja kwa kadi, siyo kwa jasho lake. Wengine huanza kulala mchana, wengine huenda kwenye pombe, wengine huanza kugombana na kupiga. Mwanamke naye kazi zinamzidi, mwili unachoka, na hana wa kumwambia. Hapo magonjwa yanapata mlango.

Jioni ya siku ya nne, kabla bibi hajaruhusiwa kutoka hospitali, jirani alimwona bwana amekaa nje anafungua kamba za sufuria.

MAMA NAYE ALIKUWA NA MZIGO

Msifikiri kwamba mambo yaliisha hapo. Mama alirudi nyumbani, chandarua kimefungwa, shimo la choo limeanza kuchimbwa, lakini hakuwa na furaha. Usiku hakulala. Chakula hakikupita. Siku moja nilipokuwa peke yangu naye alilia, akasema: "Alinitoa nikamwacha mama yangu. Hata kaburi lake kama amekufa sitalijua."

Kumbe tangu wavuke hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Bwana aliona haya kwa sababu ndiye aliyesema waondoke. Bibi alinyamaza kwa sababu aliogopa kumlaumu mtu aliyemwokoa. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake amefunga kamba.

Nilimwambia mama kwamba zipo njia mbili anazoweza kutumia. Ya kwanza ni Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kuwatafuta ndugu waliopotezana kwa vita na kupeleka ujumbe wa familia. Ya pili ni washauri wa mambo ya moyo wanaofanya kazi pamoja na huduma za afya. Kwenda kwao siyo kuwa kichaa. Mtu aliyekimbia vita akakosa usingizi, akaota ndoto mbaya, akakosa hamu ya kula au akawa na hasira bila sababu, huyo ana jeraha kama mwenye jeraha la mguu. Likitibiwa mapema linapona vizuri zaidi.

Walikwenda wote wawili. Bwana alikuwa na wasiwasi kwamba ataulizwa mambo ya siri mbele ya watu. Haikuwa hivyo. Walikaa chumbani na mshauri, na bwana alisema kwa mara ya kwanza, mbele ya bibi yake, kwamba kila usiku akifumba macho anamwona mama mkwe amekaa mlangoni. Bibi aliniambia, "Nilifikiri amesahau. Kumbe tulikuwa tunamwona mtu mmoja."

Ujumbe kwa mama yule uliandikwa. Hadi leo ninapoandika, jibu halijafika. Lakini mzigo ule sasa wanaubeba wawili.

MVUVI ANASHONA VYANDARUA

Mwaka ule wa 2023 ulikuwa mgumu. Wote tunakumbuka jinsi mgao wa chakula ulivyopunguzwa hadi kufikia nusu ya kiasi kamili. Wageni waliozoea ugali wa muhogo na samaki wa ziwa walikuta unga wa mahindi na dengu, tena kidogo.

Bwana alilima kipande kidogo nyuma ya nyumba. Alipanda lengalenga, na maji ya kuoshea vyombo ndiyo yaliyomwagilia. Akapanda na miti michache ya muhogo kwa ajili ya sombe. Mboga za majani za kijani hazijazi tumbo kama ugali, lakini zinasaidia kuongeza damu, na mama aliyepungukiwa na damu anazihitaji pamoja na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki. Mama pia aliandikishwa kwenye uji wa lishe wa wajawazito.

Kisha likatokea jambo ambalo mimi sikulitarajia. Siku moja nilimkuta bwana amekaa chini ya mti na chandarua cha jirani magotini, ana sindano na uzi. Alikuwa anaziba matundu. Aliniambia, "Wavu ukitoboka samaki wanatoka. Huu ukitoboka mbu wanaingia. Kazi ni ileile." Matundu ya chandarua ni madogo sana kuliko ya wavu wa ndagala, lakini mikono yake inajua fundo. Majirani wakaanza kumletea vyandarua vilivyochanika kwa misumari ya kitanda na kwa watoto. Wengine humpa mboga, wengine sabuni, wengine humpa asante tu.

Mimi nimefundisha watu kufunga vyandarua kwa miaka kadhaa. Yeye amenifundisha kushona. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee walisema hivyo, na naona jembe hilo linamsaidia mgeni kuliko linavyomsaidia mwenyeji.

Mwezi wa saba mama alijifungua hospitalini mtoto wa kike mwenye kilo 2 na gramu 600. Bwana alikuwa nje anangoja tangu usiku. Safari hii njia ya usiku aliijua, na watu wa kuwaita aliwajua.

KWA NINYI MLIOFIKA KARIBUNI

Kutokana na habari hii, naomba kila bwana na bibi wageni wakae pamoja na kusoma mambo haya. Asiyejua kusoma asomewe.

1. Fungeni chandarua siku ileile mnapokipokea. Kama ni kipya, kitandazeni kivulini kwa siku moja kwanza ili harufu ya dawa ipungue, kisha kifungeni. Ncha ziingie chini ya mkeka au godoro. Mkikifua, tumieni sabuni ya kawaida, na mkianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa yake. Kikitoboka, kishoneni.

2. Mama akijua ana mimba, aanze kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8 au zaidi kabla ya kujifungua. Baba aende naye, hasa mara ya kwanza. Mtapimwa wote damu, pamoja na kipimo cha virusi vya ukimwi. Mama akikutwa navyo, dawa zipo, na akizitumia vizuri hatari ya kumwambukiza mtoto inapungua sana.

3. Jifunzeni dalili za hatari kwa mjamzito, na baba azijue kwa kichwa: kutoka damu ukeni, maumivu makali ya kichwa au macho kuona giza, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, kupumua kwa shida, maji kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Mkiona hata moja, msingoje asubuhi.

4. Juma la kwanza tembeeni pamoja mchana mjue njia: dispensari iko wapi, bomba liko wapi, mhamasishaji wa kijiji chenu anakaa nyumba gani, na usiku mnaanzia kwa nani. Mjue na jirani mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Yule mama alibebwa na mikono ya majirani.

5. Gawaneni kazi upya. Kazi mlizokuwa mmegawana kwenu huenda hazipo hapa. Mwanaume kubeba dumu hakumpunguzii uanaume. Mama mwenye mimba kubwa au aliyejifungua karibuni asibebe mizigo mizito.

6. Chimbeni choo hata kama mnafikiri mtakaa mwezi mmoja. Maji ya kunywa yakae kwenye dumu safi lenye kifuniko. Oshani mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Kuhara hakuulizi kama wewe ni mgeni au mwenyeji.

7. Kuni zisiwe kazi ya mwanamke peke yake porini. Ikitokea mtu amebakwa, mwanamke au mwanaume, mtoto au mzee, afike hospitali haraka, na kabla masaa 72 hayajapita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi ndani ya siku 5, lakini ikiwahi inafaa zaidi. Hata masaa hayo yakipita, aje tu, matibabu mengine yapo. Habari zake hazitangazwi.

8. Zungumzeni. Kila jioni, hata kwa muda mfupi, mume amwulize mke na mke amwulize mume: leo moyo wako ukoje? Kama mnaona hamwezi peke yenu, mje tuwapeleke kwa mshauri.

KUMALIZIA

Najua wapo watakaosema: huyu binti amezaliwa kambini, ndiyo maana anatuambia tuzoee kambi. Ndugu zangu, sisemi msahau Fizi, Uvira, Baraka au mahali pengine mlipotoka. Mimi mwenyewe nataka siku moja nione ziwa ambalo wazazi wangu wanalisimulia. Ninachosema ni kwamba anayetaka kurudi lazima arudi mzima. Mtu akifa kwa malaria kwa sababu chandarua alikitunza kwa ajili ya safari, safari hiyo hataiona.

Juma lililopita nilipita tena kwa bwana na bibi wale. Mtoto wao sasa anakimbia na anasema maneno mengi. Nilimkuta mlangoni anavuta uzi wa baba yake. Mama alikuwa anasonga ugali katika sufuria moja kati ya zile zilizokuwa zimefungwa kamba. Sasa imekuwa nyeusi kwa masizi. Nilimwonyesha nikacheka. Akasema, "Tukirudi nitaibeba hivihivi, dada. Mama yangu atajua tulikuwa tunakula."

Kama umefika karibuni na bado hujajua mhamasishaji wa kijiji chako, uliza dispensari au kwa mwenyekiti wa kijiji. Tutakuja. Na tukipiga hodi, tafadhali tukaribishe hata kama mzigo bado umefungwa. Tutakaa kwanza, tutasikiliza.